Mchanga wa Siku Nne Mbele ya Nyumba Yangu

Nyumba yangu ina mabati mekundu, na ukitokea upande wa Bulla Pesa utayaona kabla hujaona kitu kingine. Sisemi hivyo kwa kujivuna tu, ingawa kujivuna nako najivuna, na kwa nini nisijivune? Niliacha shule darasa la nne. Nilianza kwa kusukuma mbuzi wa watu ndani ya malori ya watu. Leo malori ni yangu, mawili yanakwenda Merti na moja linashuka Nairobi, na mgeni akinitafuta Isiolo haulizi jina. Anauliza mwenye paa jekundu.

Nyumba ilipoisha kilibaki kitu kimoja, njia ya kutoka getini mpaka mlango wa mbele. Ni hatua kama arobaini. Uwanja wote ulikuwa mawe yale meusi ya kwetu yanayokula viatu, na katikati ya mawe kuna miiba iliyojificha. Njia ingeweza kungoja mwaka mzima, maana watu wanaonitembelea mimi huja na magari. Lakini mama alisema anataka kurudi Merti, na tangu siku hiyo njia ikawa haiwezi kungoja.

Mama nilimleta Isiolo baada ya mvua za vuli. Kule Merti alikuwa amebaki peke yake. Dada yake aliyeishi naye alifariki, kaka zangu wawili hawapo duniani, na mifugo iliyosalia inachungwa na watu wengine. Mimi ndiye kitinda mimba na ndiye niliyebaki. Nilimjengea chumba nyuma ya nyumba, chenye mlango wake na choo chake, na dirisha linaloangalia milima. Nikamwekea godoro nene na redio ya kumpa habari kwa Kiborana. Maziwa ya ngamia yalimfikia kila asubuhi kabla mimi mwenyewe sijanywa chai. Nani katika Isiolo hii anamtunza mama yake hivyo? Swali hilo nilikuwa naliuliza mbele ya wazee msikitini, na hakuna aliyenyanyua mkono.

Basi Ijumaa moja, mke wangu akinimiminia chai, akaniambia, "Mama anasema Jumamosi ya wiki ijayo atapanda lori aende Merti."

"Kutembea?"

"Kukaa."

Chai iliniunguza ulimi. Nilimwangalia mke wangu nikidhani anatania, lakini yeye si mtu wa utani asubuhi.

"Akae na nani kule? Na mawe?"

"Nimemuuliza hivyo hivyo. Anasema amechoka na hapa."

"Amechoka na nini? Nyama hapati? Amelala njaa siku gani?"

"Sasa mimi unanifokea kwa nini? Kamuulize."

Sikwenda kumuuliza. Wala sikujiuliza kwa nini alimwambia mke wangu na mimi mwanawe hakuniambia. Nilifanya ninavyofanya na lori likikwama: nilitafuta kilichoharibika. Na nikakipata upesi, maana mimi ni mwepesi. Ni mawe ya uwanjani. Mama anatembea na fimbo, magoti yake yamechakaa, na wiki chache kabla nilikuwa nimemwona kutoka dirishani akijikwaa karibu aanguke. Mtu atapendaje mahali ambapo hawezi kufika hata mlango wa mbele wa mwanawe? Nitamjengea njia ya kabro, yale matofali ya saruji ya kupanga chini, laini kama kiganja, tena kabla ya Jumamosi aone imeshapimwa. Akiona hivyo atakaa. Nilikuwa na hakika kabisa.

Siku iyo hiyo nikamwita fundi. Fundi wangu wa kabro ni Mmeru, mtu wa maneno mengi lakini mkono wake ni safi. Alikuja na kamba, vigingi na mfuko wa chokaa. Akasimama getini, akafumba jicho moja, akaangalia mlango.

"Mdosi, hii ni kazi ya asubuhi moja. Kamba hapa, kamba pale, njia imenyooka kama barabara ya kwenda Marsabit."

"Kunja kamba yako."

"Sasa tutapima na nini?"

"Na miguu ya wenyewe."

Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Hii umesomea wapi, mdosi? Chuo gani hiyo?"

"Nimesomea nyuma ya ngamia," nikamwambia. "Na wewe kaa hapo ujifunze, sitakutoza karo."

Wacha nieleze, maana wazo hilo lilikuwa langu peke yangu na mpaka leo naliona zuri. Mmeona zile ofisi zilizojengwa na watu wenye digrii? Njia ya saruji imejikalia upande mmoja, imepinda kwa madaha, na upande wa pili watu wamekata majani kwa miguu yao wakatengeneza njia yao wenyewe. Mhandisi anachora kwenye karatasi, na mguu hauna habari na karatasi. Mimi nimekua kando ya Ewaso Nyiro nikichunga. Baba alinifundisha kusoma nyayo kabla mwalimu hajanifundisha herufi, na za baba ndizo zilizoingia. Ngamia wetu akipotea na kuchanganyika na ngamia mia wa watu, nilikuwa naona wayo wake mchangani nasema, huyu hapa. Hata mtu hivyo hivyo. Akishapita naweza kukuambia kama alibeba mzigo na kwa mkono upi, kama alikuwa na haraka au alikuwa anavuta muda.

Kwa hiyo Jumamosi nikaagiza lori la mchanga kutoka kwenye laga, mto wetu mkavu, ule mwembamba wenye udongo kidogo ndani yake, unaoshika alama. Vijana wa kazi wakaokota mawe makubwa, wakaumwaga uwanja mzima, wakaulowesha na kuusawazisha kwa ubao mpaka ukawa kama chapati kabla haijaguswa. Upepo wa Isiolo mnaujua, lakini ukuta wangu ni wa futi nane, unapita juu kwa juu. Nikamwamuru mke wangu uwanja usifagiliwe mpaka Alhamisi.

"Usifagiliwe?" Alishika kiuno. Kwetu uwanja unafagiliwa kila alfajiri, hata kama nyumba inaungua. "Watu wakija waseme mke wa fulani amelala?"

"Waseme. Siku nne tu."

Sababu sikumwambia mtu yeyote wa nyumbani, maana mtu akijua anaangaliwa hata mguu wake unadanganya. Nikaenda zangu kazini. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, nilitoka asubuhi na kurudi jua likielekea kuzama, kama kawaida yangu, na kila nikipita uwanjani nilijizuia nisitazame chini, ili Alhamisi nione kitu kizima kwa mara moja.

Alhamisi asubuhi fundi akaja. Niliingia mchangani bila viatu, mikono nyuma, kama mwalimu mkuu siku ya kufunga shule.

"Angalia hapa," nikamwambia. "Huyu ni mke wangu. Anatoka mlango wa jikoni kwenda kamba ya nguo. Hapa alikuwa na beseni upande wa kulia, unaona mguu wa kulia umezama? Hapa anarudi, beseni halina kitu."

"Wee!"

"Huyu ni binti yangu. Hapa alikuwa anatembea, hapa simu yake imelia, hapa amesimama akizunguka-zunguka. Ameongea muda mrefu. Na huyu ni muuza maji, kiatu kimoja kimeisha kisigino. Huyu ni askari wa geti anakwenda kuomba chai. Mara sita kwa siku, mwizi huyu."

Fundi alikuwa amevua kofia. "Mdosi, wewe ni shetani."

Nilifurahi, siwezi kuficha. Ndipo nikaanza kumtafuta yule niliyemtandikia mchanga. Mama havai viatu vingine ila vya plastiki, na kushoto kwake kuna fimbo inayotoboa mchanga tundu dogo la duara. Hakuna mwingine nyumbani mwenye alama hiyo. Nikaanzia mlango wa mbele, kwa sababu ndiko nilikotaka njia ifike. Hapakuwa na tundu hata moja. Nikazunguka veranda yote. Hakuna. Kwa siku nne mama hakuwa amekaribia mlango wa mbele wa nyumba yangu.

"Si nilikuambia ni mawe," nikamwambia fundi, ingawa mawe tulikuwa tumeyaokota.

Nikaenda nyuma, kwenye mlango wa chumba chake, na hapo nikamwona: tundu, mguu, mguu, tundu, mguu, mguu. Alikuwa ametoka, akashika ukuta wa nyumba, akaupita upande wote wa kivuli, akakata uwanja kwenda getini. Jumapili hivyo, Jumatatu hivyo, siku zote nne. Alama ya jana ilikuwa na kingo kali, za siku za nyuma zilikuwa zimeanza kulegea, lakini zilifuatana kama mtu anayepita daraja lile lile.

"Shosho anaenda sokoni," fundi akasema, maana kwao bibi huitwa hivyo.

"Haendi popote. Geti hajalivuka."

Kwa sababu nyayo zilifika kwenye nguzo ya geti, ile ya mkono wa kushoto ukiwa unaingia, zikaishia hapo. Na hapo mchanga ulikuwa umekanyagwa ukakanyagwa tena. Fimbo ilikuwa imechimba shimo la urefu wa kidole, maana aliiegemea muda mrefu. Mtu aliyesimama dakika mbili haachi shimo kama hilo. Alikuwa anasimama kama ninavyokadiria wakati wa kuchemsha chai na kuinywa.

Nikachuchumaa. Mbele ya miguu yake palikuwa na alama ya gurudumu, pana, zile chale za tairi ninazozijua kwa sababu nilizichagua mimi. Ni gari langu. Mahali pengine gurudumu lilipita shubiri moja kutoka vidole vyake. Na mahali pamoja, alama ya Jumanne, gurudumu lilikuwa limekata ncha ya kiatu chake, na nyuma ya hapo kisigino kilichimba kwa nguvu na tundu la fimbo lilikuwa limeteleza likawa mfereji. Yaani mama aliruka nyuma. Mama yangu mwenye magoti yale, aliruka.

Niliendelea kusoma kwa sababu sikuweza kuacha. Baada ya gari kupita, miguu iligeuka ikalifuata. Hatua tatu. Jumapili hatua nne, siku zilizofuata tatu. Halafu ikasimama, vidole vikiangalia kwenye veranda, kisha ikageuka tena na kurudi ilikotoka, ikishika ukuta.

"Na huyu aliyeingia na gari ni nani?" fundi akauliza. "Huyu angemuua Shosho."

Nilikuwa naangalia uwanja mzima, kutoka ukuta hadi ukuta, nikitafuta mtu mwingine. Mke wangu yupo, binti yupo, muuza maji yupo, mpaka paka wa jirani yupo. Mimi sikuwepo. Gari langu lilikwenda mpaka ngazi za veranda, nikatoka nikakanyaga ngazi, nikaingia ndani. Asubuhi nikatoka kwenye ngazi nikaingia garini. Siku nne katika uwanja wangu mwenyewe, ndani ya ukuta wangu wa futi nane, sikuwa nimeacha hata wayo mmoja. Mimi ninayejua kusoma nyayo za ngamia wa watu.

Nilimwita askari wa geti. Alikuja akipiga saluti.

"Mama anasimama hapa?"

"Hapa hapa, mzee. Kila jioni."

"Tangu lini?"

Akafikiri. "Tangu aje."

Miezi saba. Nilishika nguzo ya geti. "Na wewe unaniona napita, husemi kitu?"

"Mzee, mimi nilidhani unamwona! Si huwa unapunga mkono?"

"Nakupungia wewe!"

Mimi nimekaa upande wa kulia wa gari, yeye anafungua geti upande wa kulia, namwinulia mkono, na mkono wa pili una simu. Gari ni refu, vioo ni vyeusi, niliviweka vyeusi makusudi ili watu waulize ni nani aliye ndani. Mama ni mfupi, na amesimama kushoto.

"Lakini yeye pia anapunga," askari akasema polepole. "Ukipunga, na yeye anapunga."

Wengine wanasema walipigwa na butwaa, ni maneno tu. Mimi nilisimama pale na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Fundi alijifanya anahesabu vigingi. Mwishoni akasema, "Mdosi, nirudi kesho?" Nikasema arudi Jumamosi.

Nilikwenda nyuma kwa miguu. Mlango wa mama ulikuwa wazi, naye alikuwa amekaa kitandani anafunga vitu vyake ndani ya shuka, anavuta fundo kwa meno. Haya tuliyazungumza kwa Kiborana, nayaandika kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

"Ayo," nikamwita, kama tunavyowaita mama zetu. "Kwa nini unasimama getini?"

Hakuinua kichwa. "Mtu anarudi kutoka safari, utamwacha aingie kama mbwa? Si anapokewa?"

Hapo nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa, na kukisahau kwenyewe kulinishtua. Tulipokuwa tukirudi kutoka malishoni, baada ya miezi, yeye hakungoja ndani. Alitoka mpaka kwenye mwanya wa boma la miiba, akasimama na kibuyu, na mtu hakupita pale mpaka amesalimiwa, ameulizwa amani ya njia, amani ya mifugo, amani ya mwili, na amekunywa maziwa. Hata kama ulikuwa na miaka tisa na pua inatiririka. Alikupokea kama mtu mzima.

"Kila siku natoka kazini, Ayo. Hiyo si safari."

"Unatoka asubuhi, unarudi jua limechoka. Mimi nitajuaje unakwenda wapi? Huniambii."

"Sikukuona. Wallahi sikukuona."

"Najua."

"Unajua?"

"Siku ya kwanza nilisema, jua limempiga machoni. Siku ya pili nikasema, ana wageni garini. Siku nyingine nikasema, leo ana hasira na watu wake wa lori. Baadaye nikaacha kusema kitu. Nilikwenda tu, miguu imezoea."

"Si ungepiga kelele! Si ungegonga gari na fimbo!"

Sasa akaniangalia. Ana macho madogo, yana ukungu kidogo, lakini yakikushika yamekushika. "Nigonge gari la mwanangu kama ombaomba wa stendi? Nipige kelele kama ninauza maziwa?"

"Jumanne nilikaribia kukukanyaga."

"Ulikaribia," akakubali, akavuta fundo lingine. "Na haikuwa mara ya kwanza. Ndiyo nikasema, mtu akikanyagwa na mwanawe watu watamlaumu mtoto. Bora niende Merti. Kule magari ni machache."

Alicheka kidogo aliposema hivyo. Mimi sikucheka. Nilimwambia asiende. Nilimwambia nimekosa, neno ambalo sina mazoea nalo, wanaofanya kazi kwangu watakuambia. Nilimweleza habari ya njia ya kabro, kwamba ni kwa ajili yake. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Njia ya kwenda wapi?" akauliza.

"Mlango wa mbele."

"Mlango wa mbele kuna nini?"

Kuna nini? Kuna viti vyangu vikubwa na runinga. Mimi mwenyewe sipo mpaka jioni, na nikiwepo niko kwenye simu.

Jioni ile nilisimamisha gari nje ya geti. Nikashuka. Nikamwambia askari asipige saluti. Nikaingia kwa miguu yangu, moyo unadunda kama kijana anayekwenda kuposa, nikageuka kushoto kwenye nguzo. Hapakuwa na mtu. Shimo la fimbo lilikuwepo, limeanza kujaa mchanga. Nikangoja. Muda wa kuchemsha chai, muda wa kuinywa. Adhana ikaanza, na hakutoka.

Mke wangu alinikuta nimesimama pale. "Unangoja nani?"

"Mama hakuja."

"Amesema kazi hiyo imeisha. Ameshakuambia, basi." Halafu, kwa sauti ya chini, "Mimi nilidhani mmezoeana hivyo, wewe na yeye. Nilidhani ndivyo mnavyosalimiana."

Ijumaa nikashuka nje tena. Hapakuwa na mtu. Nilikwenda mpaka chumbani kwake, nikamkuta anasikiliza redio na mzigo uko tayari karibu na mlango. Nilimsalimia kwa urefu, nagaa, yaani amani, ya njia, nagaa ya mwili, zote. Akajibu zote, bila kuruka hata moja, na mzigo ukabaki pale pale. Sijawahi kuogopa hivyo, na nimewahi kusimamishwa porini na watu wenye bunduki.

Jumamosi lori langu mwenyewe likaja kumchukua. Dereva akalisimamisha nje ya geti, akaanza kupakia magunia ya sukari na unga ya watu wa Merti, akaja ndani kuchukua mzigo wa mama akaufunga juu. Ningeweza kumkataza, lori ni langu. Lakini ukimzuia mama yako kwa sababu lori ni lako, umekuwa nani?

Fundi naye alikuwa amekuja. Nilimwambia gari halitaingia tena, litalala kwenye kibanda nje ya ukuta, na njia iwe ya miguu peke yake. Tulikuwa pale getini tunabishana upana.

"Futi tatu zinatosha, mdosi. Mtu mmoja ni futi mbili."

"Watu wawili, sambamba. Na mmoja ana fimbo."

"Basi hiyo ni barabara!"

Ndipo mama akatokea, akishika ukuta, amejifunga kitambaa cha safari. Nilinyoosha mgongo nikingoja aniage. Alinipita. Akasimama juu ya kamba ya fundi, akaiangalia kutoka mwanzo hadi mwisho, akagonga kigingi kwa fimbo.

"Hii nani naweka hapa?" akamuuliza fundi kwa Kiswahili chake.

"Ni mimi, Shosho."

"Jua napiga hapa mchana yote. Mzee nakufa katikati. Peleka kule, kando ya ukuta, kwa kivuli."

"Lakini Shosho, itapinda..."

"Wacha ipinde! Unaoa hii njia?"

Askari alicheka mpaka akakohoa. Fundi akaniangalia, nikamfanyia ishara ang'oe kigingi. Mama akatembea mbele, fundi nyuma na nyundo, na kila alipotoboa tundu kwa fimbo fundi akapiga kigingi hapo. Alipita kando ya ukuta, akakata kona mbele ya chumba chake mwenyewe, kisha akaendelea, na mimi nikiwa nimekodoa macho, akafika mpaka ngazi za mlango wa mbele. Alizipiga ngazi fimbo. "Hizi ndefu. Punguza." Kisha akarudi mpaka getini, kwenye nguzo ya kushoto, akachora duara mchangani.

"Hapa weka kubwa. Watu nasimama hapa."

"Sawa, Shosho. Tunaanza na ukingo. Tunamwaga saruji pembeni leo, ikikauka tunapanga kabro."

"Nakauka siku ngapi?"

"Siku saba. Lakini inataka maji asubuhi na jioni, bila hivyo jua la hapa linaipasua."

"Nani namwagia maji?"

Fundi akasema atatafutwa mtu. Askari akasema yeye anaweza. Mama akamtazama askari kutoka viatuni hadi kofiani.

"Huyu? Huyu nakunywa chai."

Nje dereva akapiga honi mara mbili. Hakuna aliyesogea. Mama akageuka kwangu, akaniambia kwa lugha yetu, kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa bure, "Mwambie huyo aende, ananipigia kelele. Mimi nitakaa mpaka hii kitu ikauke. Halafu tutaona."

Nilitoka mbio getini, mtu wa umri wangu na tumbo langu, nikimpungia dereva aondoke. Akaondoka. Vumbi lilipotulia ndipo mke wangu akapiga yowe: mzigo wa mama ulikuwa bado juu ya lori, shuka zake, redio yake na kila kitu, unakwenda Merti bila mwenyewe. Nikashika simu kumpigia dereva arudi.

"Wacha," mama akasema. "Utarudi na lori."

Wiki ile alivaa madera ya mke wangu, yanaburuta chini, akazunguka na ndoo ndogo kando ya ule ukingo asubuhi na jioni, akimgombeza fundi. Mimi nilirudi kila siku mapema kidogo, nikashuka nje, nikaulizwa amani zote kabla sijavuka.

Dereva alirudi Jumanne na mzigo begani, umejaa vumbi la njia nzima, akasimama pale kwenye nguzo asijue aupeleke wapi. Aliniangalia mimi. Mimi nikamwangalia mama. Alikuwa ameinama na ndoo yake.

"Peleka ndani," akasema, bila kuinuka.